Pacha wa Mama Sigrada

Mara ya kwanza Yohakimu Mlowe kumuua mke wake ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi, na muuguzi alikuwa amesimama pembeni akiandika.

Alimuua kwa supu. Mama Sigrada alikuwa ameegemea mito miwili, akamwambia kwa ile sauti yake inayopitia puani kidogo, "Baba Sigrada, mdomo wangu hauna ladha kabisa." Yohakimu, mpasua mbao mstaafu, ambaye katika miaka thelathini na mmoja ya ndoa hakuwahi kuchemsha hata chai, akaona hapa ndipo pa kumwonyesha mtu mapenzi. Akatia chumvi. Akaonja, akatia nyingine. Kesho yake akapika vilevile, na keshokutwa. Miguu ya mke wake ikajaa, ngozi ikang'aa kama mpira, pumzi ikaanza kutokota kifuani. Akamshika mumewe mkono, akaubana, akauachia.

Yohakimu akapiga magoti akalia kama mtoto.

"Pole, Baba Sigrada," alisema muuguzi bila kuinua kichwa. "Ni chumvi. Nenda kanawe uso, tunaanza tena siku ya kwanza."

Alipogeuka, mke wake alikuwa amefumbua macho na kifua kinapanda na kushuka vizuri. "Mbona unalia?" akamuuliza. "Nani kafa?"

Huyo hakuwa Mama Sigrada. Mama Sigrada mwenyewe alikuwa ghorofa mbili juu, wodi ya moyo, anafuma sweta na kuulalamikia uji wa hospitali. Huyu wa chini alikuwa pacha wake. Kwa siku kumi mama yule alikuwa amevalishwa bangili ya kijivu, na bangili ile kazi yake ilikuwa kusikiliza: damu inavyopita, maji yanavyojikusanya mwilini, moyo unavyochoka na saa unayochoka, mpaka sauti na kikohozi. Yote hayo wakayamimina ndani ya mwili wa mpira uliolazwa chumba cha mafunzo, wenye mabomba ya maji mekundu mahali pa mishipa. Mwili ukaanza kuugua ugonjwa wa Mama Sigrada, wa kwake peke yake, siyo wa mtu mwingine. Saa moja ya chumba kile ilikuwa siku nzima ya nyumbani. Na amri ilikuwa moja tu: mgonjwa wa moyo haruhusiwi mpaka mtu wake wa nyumbani amlishe pacha, ampime na amnyweshe dawa kwa siku saba bila kumuua.

Waliotoa amri hiyo, Yohakimu aliamini tangu siku ile, ni watu ambao wake zao wakiugua kuna mtu wa kuajiriwa wa kuwaosha.

Jumanne alimuua tena, kwa vidonge. Pacha alitapika, naye akampa dozi ya pili ya dawa ya kupunguza maji, mwili ukakauka, moyo ukayumba. Jumatano alimuua kwa uvivu, hakumpandisha kwenye mzani siku mbili mfululizo. Jioni akapanda wodini akiwa amevimba macho, na mke wake wa kweli akacheka hadi sindano ya uzi ikamponyoka.

"Kwa hiyo umenizika mara tatu," alisema, "na bado unakuja hapa na shati halijapigwa pasi."

"Usinicheke, Mama Sigrada. Yule akifa anafanana na wewe."

"Akifa. Na akiwa mzima?"

"Akiwa mzima anasema sana kuliko wewe."

Na kweli alikuwa anasema. Hilo ndilo lililomwokoa Yohakimu Alhamisi. Kila asubuhi ya chumba kile alimwamsha pacha, akamuuliza, "Umeamkaje?" na pacha akamjibu bila kuzunguka: "Pumzi inanibana tangu alfajiri, nimeongeza mto wa tatu." Au: "Viatu vinanibana, nadhani maji yamerudi." Naye akajua la kufanya. Akapima, akabonyeza kidole juu ya fundo la mguu akaangalia kama shimo linabaki, akaongeza nusu kidonge kama alivyoelekezwa. Siku ya saba ilipoisha taa ya kijani ikawaka ukutani, na wauguzi watatu wakampigia makofi. Muuguzi wa mafunzo, Tegemea Sanga, binti mwembamba wa kutoka milima ya Ukinga, akampa cheti.

"Una mkono mzuri, Baba Sigrada. Unauliza na unasikiliza. Wengi wanauliza tu."

Mtu wa darasa la nne hapewi vyeti vingi. Kile alikitundika sebuleni, juu ya picha ya harusi.

*

Siku ya kumi na nne nyumbani alikuja kijana wa pikipiki kutoka hospitali akamvua Mama Sigrada bangili, iliyokuwa bado inapeleka hospitali habari za mwili wake. Kulikuwa na foleni, alisema. Kuanzia hapo mgonjwa angesikilizwa kwa mdomo wake, na mume wake ana cheti.

Siku ya ishirini na tatu Mama Sigrada alifariki, mchana, kwenye kiti.

Miezi mitatu baadaye Yohakimu alikuwa ameketi mbele ya meza ya Daktari Nyagawa, mkuu wa kitengo cha kuwarudisha wagonjwa nyumbani. Kofia ilikuwa mapajani, na moyoni amejaa kisirani kilichomtoa kitandani na kumvalisha viatu. Malalamiko yake yalikuwa yameshafika kwenye kamati ya hospitali. Karatasi nne, kwa mkono wake, herufi kubwa kubwa kama misumari, na yangesikilizwa Alhamisi hiyo. Alitaka mawili. Wakubwa wasimame mbele ya watu waseme walikosea. Na bangili isivuliwe tena mkononi mwa mgonjwa kwa sababu ya foleni. Katika karatasi ya tatu alikuwa ameandika sentensi moja akaipigia mstari mara mbili: *Nilimuuliza kila asubuhi na kila asubuhi alisema ni mzima.*

Watu wengi walikuwa wameshaisoma sentensi hiyo. Kijana wa redio ya mji aliisoma hewani, sauti ikamtetemeka.

"Sikukuita kwa habari ya Alhamisi, Mzee Mlowe," alisema daktari. "Hilo lina mahali pake. Nimekuita kwa sababu ya pacha. Mwenyewe akifariki, pacha anazimwa siku ya tisini, labda ndugu atie sahihi tuendelee naye."

"Muendelee naye kufanya nini?"

"Kufundishia. Kutengeneza pacha mpya kunachukua siku kumi, na wagonjwa wengine hatuwezi kuwapa siku kumi. Wa mke wako ni bora kuliko wote tulionao. Wengine wanagugumia tu. Yeye anaeleza."

"Kwa hiyo mnataka watu wasiomjua wawe wanamuua kila siku."

Daktari Nyagawa alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. "Nakuelewa, mzee."

"Hunielewi. Ungenielewa ungeniacha na bangili."

Akainuka bila kuagwa. Huo ndio ulikuwa utamu wake siku hizi, kuwaacha wakubwa wakiwa na neno mdomoni. Ulikuwa utamu wa kweli, asingeficha. Asubuhi aliamka nao, mchana ukamshindisha na njaa, na watu njiani walimwamkia kwa heshima ambayo mbao hazikuwahi kumpa.

Tegemea alimkuta kwenye korido. "Shikamoo, Baba Sigrada."

"Marahaba."

"Kabla hujaondoka, njoo umwone. Huna haja ya kusaini chochote. Njoo tu."

Alitaka kukataa. Lakini ni miezi mitatu hakuwa ameisikia ile sauti ya puani, na miguu ikamfuata binti yule kabla kichwa hakijaamua.

*

Chumba cha mafunzo kilikuwa na kioo kirefu upande mmoja, cha kuangalia ndani. Ndani, pacha alikuwa ameegemea mito miwili, na mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mnene, kitenge kimefungwa kiunoni kwa nguvu kama mtu anayekwenda kupigana, alikuwa anamshusha kwenye mzani.

"Anaitwa Eda Mgaya," Tegemea alinong'ona. "Fundi cherehani. Mama yake yuko juu, hatukupata nafasi ya kumtengenezea pacha, kwa hiyo anajifunzia huyu. Hii ni siku yake ya saba."

Kupitia kipaza sauti walimsikia Eda. "Haya mama yangu, umeamkaje?"

"Pumzi inanibana," alisema Mama Sigrada. "Nimelala nimekaa."

Yohakimu alishika fremu ya kioo.

Eda hakusita. Alibonyeza fundo la mguu, akahesabu, akafungua kisanduku cha dawa, akatoa nusu kidonge, akaandika. Taa ya kijani ikawaka. Eda akairukia shingo ya pacha akaibusu, akatoka nje anahema na kucheka, machozi yanamtiririka.

"Sista, nimeweza. Mara ya kwanza tu, sijamuua hata mara moja."

"Umefanya vizuri sana, Eda. Huyu ni Baba Sigrada. Yule alikuwa mkewe."

Eda akapiga goti kidogo. "Shikamoo, baba. Pole sana kwa msiba. Mkeo alikuwa mtu wa kusema kweli, amenisaidia."

"Marahaba," alisema Yohakimu. "Na mama yako yukoje?"

"Mama?" Eda akacheka. "Mama yangu ana roho ngumu. Halalamiki hata umkanyage. Tangu nizaliwe sijawahi kumsikia akisema anaumwa, ukimuuliza ni nzuri tu, nzuri, nzuri, basi. Kumuuguza yeye ni rahisi. Wamemvua bangili juzi, ameshavaa, yuko kwenye benchi la chini ananisubiri. Ngoja nikafungashe vyombo vyake wodini, twende zetu."

Akaondoka na cheti chake mbio mbio, ndala zikipiga sakafu.

Tegemea alisubiri zile ndala zinyamaze. "Baba Sigrada, nitakuambia jambo ambalo sijamwambia Daktari. Tangu mwaka uanze nimewapa watu vyeti sitini na kitu. Wagonjwa saba wamefia nyumbani, na waangalizi wao wote ni wale wazuri, wale waliopigiwa makofi. Nimewatembelea wote. Wote wamenijibu neno moja."

"Neno gani?"

"Alisema nzuri."



"Pacha hajui kusema nzuri," Tegemea aliendelea. "Aliyemtengeneza alipima mwili, akaupa mdomo, basi mdomo unasema kilichomo mwilini. Hatukufikiri kwamba mtu akiulizwa hali asubuhi anajibu kwa adabu kwanza. Mimi mwenyewe bibi yangu alikuwa hivyo. Unamuuliza, anasema salama. Unakaa, unamuuliza tena, ndipo anasema, ila kichwa kidogo. Nimejaribu kumfundisha pacha hilo, sijaweza. Anataka mtu aliyeliona. Anataka aambiwe mgonjwa alisemaje, alikaaje, alificha nini, na mwangalizi akafanya nini. Mpaka mwisho. Wale saba wote wamesema hawakuona kitu."

"Mimi pia nimeandika hivyo."

"Nimesoma."

Alikuwa na macho ya kuchoka, binti yule. Hakumsukuma. Akasema tu, taratibu, kana kwamba anampa mtu onyo kabla hajavuka barabara: "Kila kinachosemwa mle ndani kinarekodiwa. Sina uwezo wa kukifuta. Kitakwenda kwenye kamati kabla ya Alhamisi. Wataandika ni uzembe wa mwangalizi, na suala la bangili litaishia hapo. Nakuambia ili usije ukasema nilikutega."

Basi hapo ndipo Yohakimu Mlowe aliposimama, mkono kwenye fremu. Akinyamaza, Alhamisi wakubwa wangeinama. Redio ingekuwepo. Labda bangili ingebaki mikononi mwa watu, na hilo lingeokoa wangapi? Wengi. Alijiambia wengi. Na alijua, kama mtu anavyojua jino lililooza hata asipoligusa kwa ulimi, kwamba hao wengi siyo waliomfanya aandike karatasi nne.

Na Eda alikuwa wodini anafungasha vyombo.

"Mfungulie," alisema. "Mfanye pacha mwanafunzi, nimfundishe."

*

Tegemea alibonyeza kitu kisogoni mwa pacha. Uso wa Mama Sigrada ukatulia, ukawa kama wa mtu anayesikiliza mahubiri. Yohakimu akavuta kigoda akakaa, magoti yakagusa kitanda.

"Umeamkaje?" alimuuliza.

"Pumzi inanibana."

"Hapana. Hivyo sivyo. Sema, nimeamka salama, sijui wewe."

Pacha alifikiri. "Pumzi inabana, na mgonjwa anasema ameamka salama?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Ndivyo mtu anavyojibu. Huwezi kumtupia mwenzio ugonjwa usoni hajanawa."

"Nimeamka salama, sijui wewe," alisema pacha, na Yohakimu akafumba macho, kwa sababu ilikuwa ni yeye kabisa sasa. Ilikuwa ni nyumbani kabisa.

"Amekaa wapi?" pacha aliuliza.

"Kwenye kiti. Siyo kitandani. Ana ungo wa maharage mapajani anachambua, lakini maharage yameshachambuliwa jana. Miguu ameifunika kwa shuka."

"Kuna baridi?"

"Kwetu kuna baridi siku zote. Lakini hakuwahi kufunika miguu tu."

"Amekuwa kwenye kiti kwa muda gani?"

Yohakimu alijipangusa mdomo. "Tangu Jumamosi. Usiku analala hapohapo. Kile kiti ni cha mbao za msindano, nilikitengeneza mwenyewe, mtu akijigeuza kinalia. Nilikuwa nakisikia."

"Mwangalizi alikisikia."

"Alikisikia."

Nyuma yake Tegemea hakujitikisa. Taa ndogo nyekundu ilikuwa inawaka kwenye kona ya dari.

"Mgonjwa akisema ameamka salama," pacha aliuliza, kwa sauti ileile iliyomwita mezani miaka thelathini na mmoja, "mwangalizi anafanya nini?"

"Anasema haya."

"Halafu?"

"Anachukua kofia anatoka."

"Haulizi tena?"

"Haulizi."

"Anajua kwamba akiuliza tena atajibiwa kweli?"

"Anajua. Wamekaa pamoja miaka mingi. Anajua kama anavyojua jina lake."

"Kwa nini haulizi?"

Swali lilikuwa la mashine. Mashine haikuwa na hasira, haikuwa na huzuni, ilitaka tu kujaza pengo lake. Angelikuwa Daktari Nyagawa aliyeuliza, Yohakimu angepata la kumrudishia, angesema bangili, angesema foleni. Kwa sauti hii hakuwa na pa kuchomokea.

"Kwa sababu akiuliza ataambiwa," alisema. "Na akiambiwa itabidi aanze upya. Mzani, vidonge, ndoo, safari ya huku, kulala kwenye benchi. Wiki tatu alikuwa hajatoka nje ya ua. Alikuwa amechoka na mwili ule. Siyo na mtu, na mwili. Alitaka kwenda pale kwa wapasua mbao akakae na wenzake, anuse mbao, acheke kidogo."

"Alicheka?"

Yohakimu aliikunjakunja kofia mapajani mpaka Tegemea akasogea hatua.

"Alicheka," alisema. "Kulikuwa na mtu anasimulia habari za mbuzi. Alicheka sana. Aliporudi saa sita maharage yalikuwa sakafuni."

"Asubuhi ngapi?"

"Nne. Nne mfululizo. Ya kwanza sikuwa na hakika. Ya pili nilikuwa nayo." Hakujua ni wakati gani ameacha kusema 'mwangalizi'. "Ya nne alinitazama kidogo baada ya kusema salama. Alinipa nafasi. Alisubiri. Mimi nikasema haya."

Pacha aliyapanga aliyoyasikia. Kisha akavuta shuka la hospitali akajifunika miguu, polepole, bila kuambiwa, na mikono yake ikaanza kuchambua kitu ambacho hakikuwepo.

Yohakimu akasimama ghafla kigoda kikaanguka.

"Baba Sigrada," Tegemea alisema. "Hii inakwenda kwenye kamati kama ilivyo."

"Iende. Na uandike bangili mlivua nyinyi. Hilo nalo ni kweli, usiliache kwa sababu na mimi nimesema langu." Akaokota kofia. "Yule fundi cherehani asitoke."

*

Walimpigia wodini, akashuka amebeba beseni lenye vyombo, uso umegeuka. Walimkuta karibu na mlango mkubwa, pale kwenye benchi la wanaoruhusiwa, ambapo mama yake alikuwa ameketi wima kama mtu anayepigwa picha: mwanamke mdogo, mkavu, koti la sufu, leso kichwani, viatu vya raba miguuni.

"Nirudie mafunzo ya nini?" Eda alimuuliza Tegemea. "Si nimepewa cheti nusu saa iliyopita? Mama ameshavaa, gari limeshaitwa." Kisha akamwona Yohakimu. "Ni huyu mzee? Baba, samahani, nakuheshimu, lakini umesema nini huko ndani? Mimi nimemtunza mkeo siku saba hajafa. Wewe nasikia ulimuua mara tatu."

"Nne," alisema Yohakimu.



"Eda," mama yake alisema kwa upole. "Usigombane na wakubwa. Kama tunarudi, turudi."

"Haya, turudi. Ngoja nikuvue hivyo viatu, wodini hawavitaki." Akaweka beseni chini, akachuchumaa, bado ananung'unika, akashika kiatu cha kulia akakivuta. Hakikutoka. Kamba zilikuwa zimelegezwa hadi tundu la mwisho na ulimi wa kiatu umetokeza nje. Akavuta tena.

"Mama, hivi viatu si ndivyo ulivyokuja navyo?"

"Ndivyo."

"Mbona vimebana hivi?"

"Vimesinyaa na baridi."

"Unajisikiaje lakini?"

"Nzuri, mwanangu. Nzuri tu."

"Haya," alisema Eda, na akainama kutafuta namna nyingine ya kukishika kiatu.

Yohakimu alilisikia neno lile likitoka kwenye mdomo wa mtu mwingine. Lilikuwa jepesi. Halikuwa na ubaya wowote ndani yake.

"Muulize tena," alisema.

Eda alimtazama kwa hasira. "Si umesikia amesema nzuri?"

"Nimesikia. Acha kiatu. Kaa hapo, mtazame, muulize tena."

Labda ilikuwa ni sauti yake, labda ni zile mara nne. Eda akakaa kwenye sakafu ya baridi, mikono juu ya magoti ya mama yake. "Mama. Umeamkaje leo?"

"Si nimekujibu?"

"Nimekuuliza tena."

Bibi yule akatazama mlango, watu wanaopita, beseni. Akavuta koti. Walisubiri wote watatu.

"Jana nimelala nimekaa," alisema mama yake Eda. "Na juzi. Sikutaka kusema, umefunga cherehani siku kumi na mbili kwa ajili yangu."

Tegemea alikuwa ameshapiga goti. Alibonyeza kidole juu ya kiatu, pale ngozi ilipofurika, na alipokiondoa shimo lilibaki, refu, jeupe. Akamwita mtu wa kiti cha magurudumu. Eda hakulia. Alikuwa anarudia kwa sauti ndogo, "Nilikuwa natoka naye, nilikuwa natoka naye," huku anafungua kamba tundu kwa tundu.

Kiti kilipofika wakampandisha mama yake, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna, wakamkimbiza kwenye lifti. Kabla milango haijafunga Eda aligeuka kumtafuta Yohakimu, mkono kifuani, anataka kusema neno. Yohakimu alimwona, akageuza uso akatazama ukuta, mahali ambapo hakukuwa na kitu, mpaka lifti ikaondoka. Shukrani ile ilikuwa na mwenyewe, na siyo yeye.

Akabaki na kiatu, na beseni la vyombo vya watu. Alikuwa anahesabu, hakuweza kujizuia. Kutoka Eda alipouliza mara ya pili hadi mama yake alipojibu haikufika dakika moja. Wapasua mbao asubuhi ile wangemsubiri dakika moja. Hata mtu wa mbuzi alikuwa hajaanza kusimulia.